Waridi chotara la rugosa kutoka mbegu: dalili, chanzo na dawa yake

Trei ya mbegu ikikaa miezi minne bila kitu kuchungulia, usianze kuilaumu trei. Katika kuzalisha mawaridi, dalili huchelewa sana kuliko kosa. Kosa la Juni kwenye ua huonekana Machi kwenye udongo, na kosa la kuchagua wazazi laweza kujificha miaka mitatu, hadi siku unapogundua kwamba mche wako mzuri hautoi chavua wala tunda. Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye dalili, kisha tunarudi nyuma hadi pale mambo yalipoharibika.

Maelezo haya ni ya nchi zenye majira ya baridi: Kanada, kaskazini mwa Marekani, Ulaya ya kaskazini. Huko ndiko rugosa inakopandwa na ndiko thamani yake inakoonekana. Rosa rugosa ni waridi la pwani za Japani, Korea, kaskazini mashariki mwa China na Urusi ya mashariki. Huota mchangani, huvumilia chumvi, upepo na baridi kali, na majani yake yenye mikunjo hayashikwi kirahisi na ugonjwa wa madoa meusi. Anayelichanganya na waridi lingine anataka ugumu huo, lakini anataka pia rangi au umbo ambalo rugosa haina.

Tunda linageuka njano na kudondoka

Umechavusha. Kitako cha ua kimebaki kijani wiki nzima, kisha kikaanza kupauka kuanzia kwenye kikonyo, na kabla ya wiki ya tatu kinaanguka ukikigusa tu. Mbegu hazikutungwa. Sababu ziko nne, na zichunguze kwa mpangilio huu kwa kuwa ya kwanza ndiyo rahisi kupima.

Anza na chavua. Ua la baba likatwe asubuhi, likiwa ndiyo kwanza linafunguka, kabla nyuki hawajalifikia. Ng'oa petali, kata vifuko vya chavua viangukie kwenye karatasi nyeupe, uviache chumbani usiku kucha penye nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, mbali na jua la dirishani. Kesho yake vifuko huwa vimepasuka na karatasi ina vumbi la njano linaloganda kwenye kidole. Vikiwa vimekauka na kuwa kahawia lakini karatasi ni safi, baba huyo hana cha kutoa, au ulimkata akiwa amechelewa. Mwenye hadubini ya shule anaweza kwenda mbele zaidi: yeyusha gramu 15 za sukari katika mililita 100 za maji, tia punje chache za asidi ya boriki, nyunyiza chavua juu ya tone moja na uangalie baada ya saa chache. Chembe hai ni za mviringo na baadhi huwa zimeota mkia. Zilizokufa zimekunjamana kama zabibu kavu.

Chavua ikitunzwa kikavu kwenye friji, nyuzi 4 hivi, hudumu wiki mbili hadi tatu. Kwenye friza hudumu miezi, na hilo ni la lazima ukitaka kutumia baba anayechanua baada ya mama. Itie kwenye bahasha ndogo ya karatasi, bahasha kwenye chupa yenye vifuniko vya kubana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wengi hufuata yote haya sawasawa halafu huiua chavua siku ya kuitumia, kwa kufungua chupa ikiwa bado ya baridi. Unyevu wa hewa huganda ndani papo hapo na chembe hupasuka. Chupa ikae mezani nusu saa ikiwa imefungwa, ndipo ifunguliwe.

Neno moja kuhusu mawaridi ya dukani. Sehemu kubwa ya yale yanayouzwa Ulaya hutoka Kenya, na watu hujaribu kuchukua chavua yake kwa rugosa za bustanini. Inawezekana, lakini ua hilo limekaa siku kadhaa kwenye baridi na safarini, lina petali nyingi na stameni (viungo vya kiume vyenye vifuko vya chavua) chache, na aghalabu lina kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, 28. Tutaona kwa nini idadi hiyo ina uzito.

Sababu ya pili ni saa ya kuhasi ua, yaani kuondoa stameni zake kabla hazijapasuka. Tumba linalofaa ni lile lililoonyesha rangi na kulegea nchani lakini halijafunguka: leo limefumba, kesho asubuhi lingekuwa wazi. Rugosa za petali tano hufunguka haraka mno, alfajiri tu, kwa hiyo kazi hii ifanyike jioni. Vuta petali zote kwa mkupuo mmoja wa kuzungusha, kata stameni kwa mkasi mdogo au kibano, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia kama kuna kifuko kilichobaki kimenasa kati ya sepali. Funika kwa mfuko mdogo wa karatasi au wa kitambaa chepesi. Wa plastiki hupika ua. Kesho yake au keshokutwa vichwa vya stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, huwa vinang'aa na kunata. Huo ndio wakati wa kupaka chavua, kwa kidole au brashi, na rudia siku inayofuata. Stigma iliyokuwa kavu na ya kahawia wakati unapaka ilikuwa imeshapitwa.

Ya tatu ni hali ya hewa. Joto likipita nyuzi 30 chavua huishiwa nguvu na stigma hukauka mapema. Mvua ikinyesha saa chache baada ya kupaka huosha kila kitu. Hapa dawa ni kurudia tu.

Ya nne ndiyo inayowatesa wengi, na haitibiki kwa kibano.

Kila kitu kiko sawa, na bado hakuna mbegu: hesabu ya kromosomu

Rosa rugosa ina kromosomu 14, yaani ni diploidi. Mawaridi mengi ya kisasa, yale ya maua makubwa na ya vishada, yana 28, yaani ni tetraploidi. Ukiwaoza hawa wawili, mtoto kwa kawaida hupata 21, na 21 haigawanyiki mara mbili bila bakaa. Mche waweza kuwa na afya ya kupigiwa mfano, ukachanua, ukanukia, lakini chavua yake ni makapi na matunda yake hudondoka. Hapo ndipo mipango ya vizazi vitatu huishia kwenye kizazi cha kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ua lolote jua wazazi wako. Miongoni mwa rugosa za zamani, 'Frau Dagmar Hastrup' (1914) na 'Scabrosa' huzaa matunda makubwa kwa wingi na ni mama wazuri kwa anayeanza. 'Hansa' (1905, Uholanzi) nayo huzaa. 'Blanc Double de Coubert', nyeupe ya Ufaransa iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1890, huonyesha matunda machache sana. Ukimtumia kama mama na kulalamika kwamba mbinu yako mbovu, unajionea bure. Mpe kazi ya ubaba.

Njia rahisi ni kubaki kwenye diploidi. 'Old Blush', waridi la China linalochanua mfululizo, lina kromosomu 14. Rosa multiflora na Rosa wichurana vivyo hivyo, na polyantha nyingi, yale mawaridi mafupi yenye vishada vya maua madogo. Ndivyo 'F. J. Grootendorst' ilivyopatikana, ikatoka mwaka 1918: rugosa kwa polyantha, maua madogo yenye kingo kama za karafuu ya bustani (ua la carnation, si kiungo cha chakula). Lakini kuwa diploidi pande zote si dhamana ya uzazi. 'Max Graf', iliyotolewa Marekani mwaka 1919, inahesabiwa kuwa rugosa kwa wichurana, wote diploidi, na bado ilikuwa karibu tasa. Kwa miaka mingi haikuzaa, hadi Wilhelm Kordes wa Ujerumani alipopata kutoka kwa 'Max Graf' mche ambao kromosomu zake zilikuwa zimejirudufu zenyewe hadi 28. Mche huo, uliopewa jina la Rosa kordesii, uliweza kuoana na mawaridi ya kisasa bila tabu, na ndio asili ya 'Leverkusen', 'Dortmund', na huko Kanada 'John Cabot' na 'William Baffin'. Mtu wa nyumbani anayetaka ugumu wa rugosa ndani ya waridi la kisasa mara nyingi atafika upesi zaidi kwa kupitia wajukuu hawa wa kordesii kuliko kwa kuanza na rugosa yenyewe. Si mbio ya kishujaa, lakini mbegu zinaota.

Ukishikilia kuvuka kutoka 14 kwenda 28, inawezekana. Ralph Moore wa California alipata 'Linda Campbell' (1990) kwa kupaka chavua ya 'Rugosa Magnifica' juu ya waridi dogo 'Anytime'. Fanya maua mengi, 30 au 40 badala ya matano, na jaribu pande zote mbili, kwa sababu jozi moja yaweza kukataa ikiwa mama ni rugosa na kukubali ukizibadilisha. Na usimtupe triploidi, yule mtoto wa kromosomu 21. Mara moja moja hutoa chembe ya chavua yenye seti kamili. Chavua yake ikipakwa kwenye maua mengi ya mama tetraploidi mwenye uzazi mkubwa, mbegu mbili tatu zikipatikana, hiyo ni faida.

Tunda ni kubwa na jekundu, ndani hamna kitu

Tunda la rugosa lililochavushwa na nyuki, pale rugosa nyingi zinapokaa pamoja, hujaa mbegu hata 50 na zaidi. Tunda hilohilo kutokana na mseto wa mbali laweza kuwa na mbegu mbili likapendeza vilevile kwa nje, kwa sababu halihitaji mbegu nyingi ili kusimama. Kwa hiyo usihesabu matunda, hesabu mbegu. Mbegu zikiwa upande mmoja tu wa tunda, ulipaka chavua upande mmoja wa kichwa cha stigma au baadhi yake haikuwa tayari. Hilo linarekebishika mwakani.

Ukilipasua ukakuta funza mweupe kwenye nyama, usiingiwe na hofu. Ulaya ni nzi wa matunda ya waridi, Rhagoletis alternata, na Amerika Kaskazini yuko ndugu yake, R. basiola. Nzi wa Ulaya hula nyama na kuacha mbegu, osha uendelee. Anayedhuru mbegu ni nyigu mdogo, Megastigmus aculeatus. Buu wake hukaa ndani ya mbegu yenyewe, akala kiini chote, na kutoka kupitia tundu la mviringo dogo kuliko kichwa cha pini. Mbegu yenye tundu hilo ni ganda tupu, na iliyokaa na buu hadi majira yajayo kwa nje haina alama. Mfuko uliofunika ua, ukibadilishwa na wa kitambaa chepesi na kuachwa hadi tunda likomae, humzuia.

Miche yote ni picha ya mama

Majani yaleyale yenye mikunjo, miiba ileile ya kusongamana kama manyoya. Huenda ni chotara kweli, kwani damu ya rugosa hujionyesha sana katika kizazi cha kwanza. Huenda pia si chotara. Rugosa ya asili kwa kawaida haijichavushi vizuri, lakini nyuki aliyetoka kwenye rugosa ya jirani anatosha kuharibu kazi, na nyuki hawazingatii lebo.

Kipimo chake ni cha bei nafuu na watu wachache hukifanya: kila siku unayohasi, hasi maua mawili ya ziada, yafunike, usiyapake chochote. Yakidondoka, mbinu yako ni safi. Yakizaa tunda lenye mbegu, chavua inavuja mahali fulani, aidha unahasi ukiwa umechelewa au kifuniko kina upenyo, na mbegu zote za wiki hiyo ziandike kwa alama ya shaka.

Lebo ziandikwe kwa penseli kwenye kipande cha plastiki au bati laini, mama kwanza kisha baba, na tarehe. Wino hufifia juani kabla ya Agosti; penseli haifutiki.

Mbegu hazioti

Hapa ndipo maswali mengi yanapolundikana, na jibu la kwanza ni kisu. Toa mbegu tano kati ya mia, zishike kwa kibano, zipasue kwa kikata kucha. Kile tunachokiita mbegu ya waridi kwa kweli ni tunda dogo kavu lenye ganda gumu kama kokwa, na kiini kimo ndani. Kiini kizima ni cheupe, kimejaa, kinafanana na punje ya ufuta iliyolowekwa. Ukikuta utando wa kahawia uliokauka, mbegu ilikuwa tupu tangu tundani, na hakuna friji itakayoifufua: rudi kwenye kromosomu. Viini vikiwa vyeupe, tatizo liko kwenye usingizi wa mbegu, na hilo lina dawa. Kile kipimo cha kutia mbegu kwenye maji na kutupa zinazoelea hakifai kwa mawaridi. Nyingi zinazoelea ni hai, zina hewa tu chini ya ganda.

Uvunaji uje kabla tunda halijalainika. Tunda la rugosa huwa tayari likiwa limegeuka rangi ya chungwa au jekundu na bado ni gumu, kwa kawaida miezi mitatu hivi baada ya kuchavusha, mapema kuliko la mawaridi makubwa ya kisasa. Ukiliacha likawa laini na la kunyong'onyea, ganda la mbegu huwa limekomaa zaidi, na usingizi wake huwa mzito zaidi. Vaa glavu unapolipasua. Vinyweleo vilivyomo ndani huwasha shingo na vidole siku nzima, na watoto wa Ulaya huvijua kwa utani wa kuwatia wenzao ndani ya kola. Osha mbegu kwenye chujio chini ya bomba hadi nyama yote itoke, kwa sababu mabaki ya nyama ndiyo chakula cha ukungu, na yana kemikali zinazozuia kuota. Usizianike. Mbegu iliyokauka kabisa mezani hurudi nyuma kwa wiki nyingi.

Kisha inakuja baridi, na makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kutumia friza. Mbegu haihitaji kuganda. Inahitaji unyevu na ubaridi kwa pamoja, nyuzi 2 hadi 5, kiasi cha friji ya kawaida. Kwenye friza hailali wala haiamki, inangoja tu. Kosa la pili ni ubahili wa muda. Mbegu za mawaridi ya kisasa nyingi huridhika na wiki 6 hadi 8, ndiyo maana maelekezo mengi husema hivyo, lakini zenye damu nyingi ya rugosa zinataka wiki 12 hadi 16. Mbegu iliyotolewa wiki ya nane haijashindwa. Umeiamsha usiku wa manane.

Kitambaa cha karatasi kilowekwe, kikamuliwe hadi kisidondoke hata tone, mbegu zipangwe, zikunjwe, zitiwe kwenye mfuko wa zipu pamoja na lebo ya penseli. Mfuko ukae mlangoni mwa friji au rafu ya kati, si nyuma kabisa ambako maji hugeuka barafu. Kila wiki mbili ufungue, uingize hewa, utazame. Ukiona kimzizi cheupe, itoe mbegu hiyo kwa kibano na uipande peke yake, mzizi chini, bila kusubiri wenzake.

Baada ya baridi, joto ndilo mtego. Wengi hutoa mbegu friji na kuziweka juu ya kipasha joto cha kuoteshea nyanya, nyuzi 24, wakidhani wanazisaidia. Mbegu ya waridi iliyomaliza baridi ikipata zaidi ya nyuzi 20 hivi hurudi usingizini mara ya pili, na wakati mwingine usingizi huo ni mzito kuliko wa kwanza. Zipande kina cha sentimita 1, kwenye mchanganyiko wa piti na perlaiti nusu kwa nusu, trei ya kina cha sentimita 7 au zaidi, mahali penye nyuzi 10 hadi 16: chumba kisichopashwa moto, gereji yenye taa, kibaraza cha kioo. Usiku ukishuka chini kidogo ya mchana ni bora.

Zisipoota baada ya wiki 8 usimwage trei. Rudia mzunguko: wiki 8 za joto la chumbani, nyuzi 18 hadi 20, zikiwa na unyevu, kisha wiki 12 za baridi tena. Au, kwa mkazi wa Minnesota au Ontario, iache trei nje majira yote na kuifunika kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, kwa kuwa panya hupenda mbegu hizi kuliko jibini. Rugosa nyingi huota majira ya kuchipua ya mwaka wa pili, na trei zinazotupwa mwaka wa kwanza ndizo hasara kubwa kuliko zote tulizozitaja.

Ukungu kwenye mfuko

Bonyeza mbegu kwa kucha. Ikiwa ngumu, ukungu uko juu ya ganda tu, unakula mabaki ya nyama. Loweka dakika chache kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, suuza, badilisha kitambaa. Ikipasuka kama embe lililooza, ilikuwa imekufa kabla, na ukungu umekuja mazishini. Ukiona ukungu kila wiki, kitambaa kina maji mengi.

Mche umechomoza, kisha umelala

Shina limekuwa jembamba kama uzi usawa wa udongo, na kichwa kimelala kikiwa bado kijani. Hicho ni kinyausi, na mche huo haurudi. Okoa waliobaki: acha kumwagilia juu, weka trei ndani ya maji robo saa inywe kutoka chini halafu imwage, washa feni ndogo ipite juu ya miche, na tawanya safu nyembamba ya mchanga mkavu juu ya udongo. Mchanganyiko wa kupandia usiwe na mboji ya bustanini. Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa trei ni ishara ya udongo wenye unyevu kupita kiasi, na mabuu yao hutafuna mizizi ya miche midogo.

Mche uliovaa ganda la mbegu kama kofia, ulowanishe kwa tone la maji jioni, asubuhi livue kwa kibano. Ukivuta kikavu unang'oa majani mawili ya kwanza. Mche mweupe kabisa usio na ukijani, au uliopinda majani na kukataa kukua kwa miezi miwili, ni matokeo ya mseto wa mbali; hauna dawa, na huruma hapa hupoteza nafasi chini ya taa. Taa iwake saa 14 hadi 16 kwa siku.

Majani yanakuwa njano, mishipa ikibaki kijani

Ni njaa ya madini ya chuma, na kwa rugosa chanzo karibu kila mara ni udongo au maji yenye chokaa. Chuma kimo ila mmea haukipati. Rugosa inapenda pH 5.5 hadi 6.5. Maji ya bomba yenye chokaa nyingi huipandisha pH ya chungu taratibu, kwa hiyo dalili huja wiki ya sita au ya kumi, si mwanzoni, na watu huona ni upungufu wa mbolea wakazidisha mbolea. Tumia maji ya mvua na chuma cha kiletati, yaani kilichofungwa ili mmea ukipate hata penye chokaa. Mbolea ya maji ianze baada ya majani mawili halisi, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Majani yaliyoungua kingo na kudondoka siku mbili baada ya kunyunyiza dawa ni jambo jingine. Rugosa haivumilii dawa za sulfa, za shaba wala mafuta. Zinazowafaa mawaridi mengine humchoma huyu. Ubwiri unga ukiwapata miche ya ndani, waongezee hewa na nafasi kabla ya chupa ya dawa, na wale wanaoendelea kuugua wang'oe. Anayetumia damu ya Rosa foetida kupata njano, kama ilivyofanywa kwa 'Agnes' huko Ottawa mwaka 1900, ategemee madoa meusi kurudi kwa baadhi ya watoto.

Miaka inapita, hakuna ua

Mche wa waridi la kisasa huchanua wiki chache tu baada ya kuota. Mwenye damu nyingi ya rugosa husubiri mwaka wa pili au wa tatu, na hapo hakuna ugonjwa. Ugonjwa ni mkasi. Anayekata miche kila majira ya kuchipua kama anavyokata mawaridi yake makubwa huondoa yale matawi ambayo yangechanua. Mwaka mzima wa kwanza na wa pili, ondoa matawi yaliyokufa tu.

Ikichanua mara moja kwa mwaka, wakati wazazi wote wawili huchanua mfululizo, usishangae. Tabia ya kuchanua tena hufichika katika kizazi cha kwanza, na rugosa na mawaridi ya China huenda haziipati kwa njia moja. Oza ndugu kwa ndugu, au mrudishe mtoto kwa mzazi, na itafute kwa wajukuu. Wala usihukumu kwa ua la kwanza: petali huongezeka umri ukiongezeka, na rangi hutulia.

Mche hai Novemba, mkavu Aprili

Mche ukiwa kwenye chungu juu ya ardhi, mizizi imeganda. Mizizi haina ugumu wa matawi. Zika vyungu hadi ukingoni na funika kwa majani makavu mwaka wa kwanza. Matawi yakifa hadi usawa wa theluji ingawa mizizi iko ardhini, hiyo ni damu ya upande wa pili, na ni habari ya kweli kuhusu mseto wako. Felicitas Svejda, aliyezalisha Ottawa mawaridi ya kundi la Explorer, zikiwamo rugosa kama 'Jens Munk' (1974) na 'Henry Hudson' (1976), aliyapima nje bila kuyafunika. Kuanzia majira ya tatu fanya vivyo hivyo, na wale wanaokufa uwaache wafe.

Jambo la mwisho ni la taka. Kwenye fukwe za Denmark, Ujerumani na nchi jirani, Rosa rugosa imekuwa gugu linalosonga mimea ya asili, na Finland ilipiga marufuku kuipanda kuanzia Juni 2022. Angalia sheria ya nchi uliko kabla ya kuagiza mbegu. Makapi ya matunda na mbegu usizozitaka yatie kwenye maji yanayochemka dakika kumi kabla ya kuyatupa, na miche uliyoikataa ing'oe na mizizi yote, kwa maana kipande cha mzizi kilichobaki huchipua tena.